Safari ya Kwenda Bomani

Saa kumi na mbili asubuhi, stendi ya Mikumi ina sauti mbili. Moja ni breki za malori yanayotoka Iringa kwenda Dar es Salaam. Nyingine ni ya wapigadebe wanaoita Kilosa, Kilosa, wawili bado, na viti vitupu ndani ya gari ni sita. Niliingia nikakaa nyuma ya mama mmoja wa makamo, khanga moja kiunoni, nyingine begani, na mapajani bahasha ya kaki iliyozungushiwa nailoni. Nikamwamkia. “Marahaba, mwanangu,” akaitikia, na hapo hapo akaniuliza kama nimesikia lolote kuhusu mvua ya usiku kule Ulaya.

Msomaji asiyeijua wilaya hii asishangae. Ulaya ni kata, iko njiani baina ya Mikumi na Kilosa, na wenyeji huitaja bila kutabasamu kwa sababu wameizoea. Mvua ikishiba pale, anayekwenda Kilosa hajui atafika saa ngapi.

Mama alikuwa ametoka Malolo tangu jana yake. “Malolo ni Morogoro,” alinieleza, kana kwamba nitabisha, “lakini ili niende kwenye boma letu lazima kwanza nipite Iringa.”

Ukiitazama ramani utaona anachosema. Kata ya Malolo iko pembezoni mwa Wilaya ya Kilosa upande wa kusini-magharibi, nchi ya vitunguu na skimu ya umwagiliaji ya Mwega, imezibwa na milima upande wa wilaya yake yenyewe. Njia ya gari inatokea Ruaha Mbuyuni, na Ruaha Mbuyuni ni Wilaya ya Kilolo, Mkoa wa Iringa. Hapo unapanda basi la barabara kuu, unapita lile bonde la mibuyu, unaingia tena Morogoro, unashuka Mikumi, halafu unatafuta gari jingine la kukupeleka kaskazini hadi Kilosa mjini. Mtu ametoka nyumbani kwake, akatoka mkoani kwake, akarudi mkoani kwake, na bado hajafika kwa mkuu wake wa wilaya. Ndiyo maana mama alilala Mikumi kwa ndugu wa mumewe.

Ndani ya bahasha mlikuwa na shauri la shamba. Alinitolea karatasi ya juu nikaisoma gari likiwa bado limesimama: barua ya ofisi ya kijiji, imeandikwa kwa mkono, herufi zimenyooka, chini yake muhuri wa bluu. Wino ulikuwa umekaa vibaya. Upande wenye neno Kilosa ulikolea. Upande wenye jina la kijiji ulififia mpaka uusome kwa kuinamisha karatasi juani.

Nilikuwa nimekwenda Kilosa na Mikumi kuandika juu ya mipaka: mkoa, wilaya, tarafa, kata, jimbo, kijiji, kitongoji. Ni mambo ambayo watu wengi huyaona ya wanasheria na wagombea. Lakini barua ile ilikuwa imepita karibu kila ngazi ya hizo, na kila ngazi ilimgharimu mwenye barua nauli. Tangu siku hiyo nimeshikilia jambo moja ambalo nitalisema wazi: tunapogawa nchi, tunahesabu sana vichwa na tunahesabu kidogo mno mwendo.

Tuanze na ngazi zenyewe, kwa sababu hata sisi tulioishi ndani yake miaka yote huzichanganya. Mtu wa Malolo ana mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ni jirani yake na anajua mbuzi wake. Juu yake kuna kijiji, chenye mwenyekiti aliyechaguliwa, mtendaji aliyeajiriwa, na halmashauri ya kijiji ya wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Juu ya hiyo halmashauri, kisheria, yupo bwana mkubwa kuliko wote pale kijijini, naye ni mkutano mkuu: kila mkazi aliyetimiza miaka 18, akiwa na viatu au hana. Kisha kata, yenye diwani wa kuchaguliwa na mtendaji wa kuajiriwa. Kisha tarafa, ambayo haina kura kabisa. Afisa Tarafa ni jicho la Serikali Kuu, na wengi hawamjui mpaka siku ya ugomvi mkubwa. Kisha wilaya, ambayo ina nyumba mbili zinazokaa jirani na kuchanganywa kila siku: ofisi ya Mkuu wa Wilaya, anayemwakilisha Rais, na halmashauri ya wilaya, yenye Mkurugenzi na Baraza la Madiwani. Wilaya ya Kilosa ina kata 40. Madiwani wote wa kata hizo, pamoja na wale wa viti maalumu, hukaa ukumbi mmoja.

Jimbo haliko kwenye ngazi hiyo. Limepita kwa pembeni. Jimbo halina ofisi ya kukupa kibali wala muhuri wa kukugongea barua; kazi yake ni kumpeleka mtu mmoja bungeni. Wilaya ya Kilosa ina majimbo mawili, Kilosa na Mikumi, na wabunge wote wawili ni wajumbe wa baraza lile lile la halmashauri moja, wanagombea bajeti ile ile.

Hata kura zenyewe haziko kapu moja. Tarehe 27 Novemba 2024 watu walipanga foleni kuchagua wenyeviti wa vitongoji na vijiji, uchaguzi unaosimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Miezi 11 baadaye, tarehe 29 Oktoba 2025, ikawa zamu ya diwani, mbunge na Rais, na msimamizi ni Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Mtu aliyejiandikisha kwa ule wa kwanza anaweza kudhani amejiandikisha kwa wa pili, na hasara yake ataijua akiwa kituoni.

Neno jimbo lenyewe limehama. Wazee wa Kilosa wanaokumbuka siku za Waingereza wakisema jimbo wana maana ya eneo kubwa lililokuwa juu ya wilaya, lile tunaloliita mkoa leo. Kilosa ilikuwa wilaya ya Jimbo la Mashariki. Na ni katika Jimbo la Mashariki hilo hilo ambako Julius Nyerere aligombea mwaka 1958, katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, akipambana na Patrick Kunambi wa Uluguru. Uchaguzi ule ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Eneo moja lilitoa watu watatu waliogawanywa kwa rangi, na wapiga kura wenyewe walikuwa wachache waliotimiza masharti ya kipato, elimu au cheo. Baada ya uhuru majimbo yakavunjwa ikazaliwa mikoa, na neno likabaki kuwa la uchaguzi. Kanisa Katoliki nalo lina Jimbo la Morogoro, lenye mipaka yake lenyewe. Basi mzee akikuambia yeye ni wa jimbo fulani, muulize kwanza anasema la Askofu, la mbunge, au la Mwingereza.

Kabla ya hapo mistari ilikuwa mingine. Wajerumani waliweka maakida na majumbe. Waingereza walipoleta utawala wa kupitia wenyeji katika miaka ya 1920, waliitafutia kila kabila mamlaka yake: Ukaguru ikawa na makao Mamboya, Usagara ikawa na mamlaka yake, na Wavidunda kule milimani wakawa na yao. Mwanaanthropolojia wa Marekani, T. O. Beidelman, aliyekaa Ukaguru miaka ya mwisho ya ukoloni, ameandika kwa kirefu jinsi mamlaka hizo zilivyoendeshwa. Mwaka 1963 uchifu ukaondolewa kisheria. Mwaka 1972 hata halmashauri zikavunjwa, madaraka yakapelekwa mikoani, na wilaya nzima ikawa inaendeshwa na maofisa. Halmashauri tulizonazo zilitokana na sheria za mwaka 1982 na zikaanza kazi upya mwaka 1984. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Kilosa mwaka 1955 ametawaliwa na chifu, akatawaliwa na halmashauri, akakaa miaka 12 bila halmashauri, kisha akarudishiwa. Hakuhama hata siku moja.

Mstari wa kijiji ndio uliomwaga damu. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu mahali pamoja, na Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ikavipa vijiji hadhi ya kisheria, lakini mipaka mingi ilibaki kuwa ya maneno: mti ule, mfereji ule, pale tulipokuwa tunachunga. Kilosa ni bonde zuri la malisho na la mahindi kwa wakati mmoja. Ina mashamba makubwa ya mkonge ya zamani, Kimamba na kwingineko, yaliyokaa katikati ya vijiji. Mengine yakaachwa pori huku wanakijiji wakikosa pa kulima. Humo wakaongezeka wafugaji, Waparakuyo waliokuwapo tangu zamani na wengine waliofika baadaye. Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu zaidi ya 30 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Kijiji cha wafugaji cha Mabwegere kilibishana na vijiji jirani vya wakulima juu ya mpaka hadi shauri likafika Mahakama ya Rufani, na hukumu ilipotoka watu chini hawakutulia.

Naiandika habari hiyo kwa uzito kwa sababu kuna tabia ya kuiita migogoro ya makabila. Nimekaa na wakulima, nimekaa na wafugaji. Wanachogombea wote ni karatasi: ramani ipi imesajiliwa, jiwe la mpaka liliwekwa na nani, na kijiji changu kimeanzia wapi. Mfugaji mwenye kijiji kilichosajiliwa anakuwa na mkutano mkuu wake, mpango wake wa matumizi ya ardhi, na sauti katika kata. Asiye nacho ni mgeni hata kama babu yake amezikwa hapo. Na mkulima ambaye kijiji chake kimepunguzwa mezani bila yeye kuitwa anaamka asubuhi akikuta analima kijiji cha watu.

Twende sasa kusini, ambako mpaka ni maji. Ukishuka kutoka Mikumi kupitia Kidodi unafika Ruaha, mji wa wilaya ya Kilosa ulioegemea ukingo wa Mto Ruaha Mkuu. Vuka daraja, uko Kidatu, Wilaya ya Kilombero. Miwa haijui habari hizo. Imepandwa huku na huku. Kiwanda cha Sukari Kilombero kina mitambo pande zote mbili, na wenyeji wanaitaja kwa namba tu: K1 iko ng’ambo, Kilombero, K2 iko huku Kilosa, Ruhembe. Mkulima mdogo wa miwa wa Kidodi analipa ushuru wa mazao Kilosa, na halmashauri mbili zinategemea sukari moja. Mtu wa Ruaha akitaka kununua shati, kutibiwa jino, au kupanda basi la Ifakara, huvuka mto. Akitaka saini ya mkurugenzi wake, anageuka kuelekea kaskazini, anapita Kidodi, anapita Mikumi, anapita Ulaya.

Reli ya tawi ilikuwa inaunganisha vipande hivi. Ilijengwa kutoka Kilosa, ikapita Mikumi, ikafika Kidatu. Njia hiyo ndiyo wilaya yenyewe ukiichora kwa penseli: boma juu, mbuga katikati, miwa chini. Leo treni ya mwendokasi inapita Kilosa, na tangu mwaka 2024 mkazi wa Kilosa mjini anaweza kwenda Dodoma au Dar es Salaam na kurudi siku hiyo hiyo. Yule mama wa Malolo alitumia siku mbili kufika kwenye makao ya wilaya yake mwenyewe.

Baina ya boma na miwa pametanda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Ilitangazwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu inaikata katikati. Abiria wa basi la Mbeya huwaona tembo bila kulipa kiingilio. Jina la mji limetokana na mikumi, ile mitende mirefu yenye shina lililonenepa katikati. Hifadhi haina kitongoji wala kituo cha kupigia kura. Kwa mtu anayepima jimbo kwa idadi ya watu, eneo lote hilo ni sifuri. Kwa mtu anayelizunguka ili afike ofisini, si sifuri hata kidogo. Wilaya nzima ina zaidi ya kilomita za mraba 12,000, na kisiwa chote cha Unguja kingeweza kuingia humo mara saba.

Wilaya hii ilikuwa kubwa zaidi. Mpaka mwaka 2012 Gairo ilikuwa ndani ya Kilosa, na Kilosa ilikuwa na wabunge watatu: wa Kilosa, wa Mikumi na wa Gairo. Mwaka huo Serikali ilianzisha mikoa mipya ya Geita, Simiyu, Njombe na Katavi, na wilaya mpya 19, Gairo ikiwamo. Angalia jinsi ilivyokwenda. Jimbo la Gairo lilitangulia, wilaya ikaja baadaye, imevaa umbo la jimbo lile lile. Watu wa Gairo walikuwa kwenye barabara kuu ya Dodoma, mbali na boma, wakiona mabasi ya nchi nzima yakipita mlangoni huku wao wakitafuta usafiri wa kuteremkia Dumila ili waingie Kilosa. Mikumi iko vivyo hivyo kwenye barabara kuu ya Iringa. Kati ya ndugu watatu, mmoja amejengewa nyumba yake. Wawili wamebaki chumba kimoja.

Sensa ya mwaka huo wa 2012 iliikuta Kilosa ikiwa na watu 438,175 na Gairo 193,011, jumla 631,186. Sensa ya mwaka 2022 imeikuta Kilosa peke yake ina zaidi ya watu 617,000. Yaani miaka 10 tu baada ya kumegwa, wilaya imekaribia kujaa tena mpaka pale ilipokuwa kabla ya kumegwa.

Kuna waliodhani hesabu hiyo ingeipa Kilosa jimbo la tatu tena. Kwa Katiba, ibara ya 75, Tume ndiyo inayogawa majimbo kwa kibali cha Rais, na inatakiwa kuyachunguza angalau kila miaka 10. Katiba inaitaka izingatie njia za mawasiliano na hali ya kijiografia. Lakini Tume ilipopokea maombi mwaka 2025, kigezo kilichosikika sana ni wastani wa watu 400,000 kwa jimbo la vijijini na 600,000 kwa la mjini. Gawanya Kilosa kwa mbili, unapata watu 308,000 na kitu kwa kila jimbo. Mei 2025 majimbo mapya manane yakatangazwa, na orodha ilisomeka hivi: Kivule na Chamazi za Dar es Salaam, Mtumba ya Dodoma, Uyole ya Mbeya, Bariadi Mjini, Katoro, Chato Kusini na Itwangi. Majimbo yote ya nchi yakawa 272. Nusu ya hayo mapya yameangukia Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya, mahali ambapo mbunge anaweza kuzunguka kata tatu kabla ya chakula cha mchana.

Sisemi watu wa Chamazi hawakustahili. Wako wengi, wamebanana, na haki ya kura yao ni ile ile. Ninachosema ni kwamba mbunge wa Mikumi, akitoka Ruaha kwenye miwa, apande Vidunda milimani, aende Uleling’ombe, azungukie Iringa kufika Malolo, kisha arudi Ulaya na Masanze, atakuwa amemaliza wiki na hajamaliza jimbo. Mtu wa Uleling’ombe naye ni mpiga kura mmoja, na anahitaji kusikilizwa kwa masikio ya mtu aliyefika kwao.

Jambo hili si letu peke yetu. India, nchi ambayo watu wake tumeishi nao Kilosa tangu siku za mkonge na reli, inahangaika na swali hilo hilo kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwaka 1976 walisimamisha ugawaji wa viti vya bunge baina ya majimbo yao makubwa, wakabaki na hesabu ya sensa ya mwaka 1971, kwa sababu ya kusini, Tamil Nadu, Kerala na wenzao. Kusini walikuwa wamefanikiwa kupunguza uzazi. Viti vikifuata vichwa tu, wangeadhibiwa kwa mafanikio yao. Mpaka leo hofu hiyo haijawatoka. Lakini wilaya zenyewe, yaani maboma, wameendelea kuzikata bila kungoja viti. Mwaka 2019 serikali ya Tamil Nadu iliimega Tirunelveli ikazaliwa Tenkasi, iliimega Kancheepuram ikazaliwa Chengalpattu, na mwaka uliofuata ikazaliwa Mayiladuthurai, wilaya ya 38. Majimbo ya uchaguzi ya jimbo hilo yamebaki kama yalivyochorwa upya mwaka 2008. Mwananchi wa Tenkasi hakuongezewa mbunge, ila ofisi ya kupokea karatasi zake imesogea. Na kijijini kwao wana mkutano wa wakazi wote wapiga kura, uliopewa nguvu na marekebisho ya katiba yao ya mwaka 1992, ambao ukimweleza mtu wa Malolo atakuambia: kumbe na wao wana mkutano mkuu.

Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kushika. Tunatumia nguvu nyingi kugombea jimbo, na jimbo ni haki, lakini mama yule hakuwa anatafuta mbunge. Alikuwa na mbunge. Mikumi imekuwa na wabunge wa kila namna: mwaka 2015 ilimchagua Joseph Haule, msanii anayejulikana nchi nzima kwa jina la Professor Jay, kwa tiketi ya CHADEMA, huku Kilosa ikichagua CCM, wote wawili wakakaa baraza moja. Mwaka 2020 Mikumi ikamchagua Dennis Londo wa CCM, na Kilosa ikamchagua Profesa Palamagamba Kabudi. Mbunge alibadilika, chama kikabadilika, na baada ya yote hayo Malolo bado ilikuwa inapitia Iringa.

Alichohitaji ni baraza la ardhi lililo karibu. Shauri lake lilianzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, likaenda baraza la ardhi la kijiji, likapanda kata. Kabla ya mwaka 2021, baraza la kata lingeweza kuliamua. Sheria ikarekebishwa, sasa kata inasuluhisha tu. Wasipopatana ndani ya muda, wanaelekezwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Naelewa sababu za marekebisho hayo; maamuzi ya kata nyingi yalikuwa na kasoro, watu waliumia. Lakini aliyeandika marekebisho alihamisha kesi kwa kalamu, na mtu wa Malolo anaihamisha kwa miguu, bodaboda, basi na gari la Kilosa.

Njia ya kuomba mgawanyo ipo na kila diwani anaijua. Wanakijiji wanakaa mkutano mkuu wanakubaliana. Muhtasari unakwenda kamati ya maendeleo ya kata, unafika Baraza la Madiwani, unapita kamati ya ushauri ya wilaya, kamati ya ushauri ya mkoa, kisha unakwenda TAMISEMI, na mwisho kwa Rais, ambaye Katiba imempa mamlaka ya kuigawa nchi katika mikoa na wilaya. Jibu la Serikali kwa miaka mingi sasa limekuwa moja: kwanza tuimarishe maeneo yaliyopo, kuanzisha mapya ni gharama. Ni kweli. Halmashauri mpya inataka majengo, magari, wakuu wa idara, nyumba za watumishi. Lakini gharama ile haipotei isipolipwa na Hazina. Inalipwa na watu, kidogo kidogo, kwa nauli, na hakuna kitabu cha bajeti kinachoiandika.

Na si lazima kila kitu kingoje wilaya mpya. Baraza la ardhi linaweza kuhamia Mikumi siku chache kila mwezi na kusikiliza mashauri ya kata za kusini, kama mahakama zinavyofanya vikao vya kuzunguka. Halmashauri inaweza kuweka Mikumi watumishi wa ardhi na wa biashara wenye mamlaka ya kusaini, si wa kupokea karatasi na kuzipeleka. Ipo na sababu nyingine ya kutawanya huduma. Desemba 2009 hadi Januari 2010, mafuriko ya Mto Mkondoa yalipovunja tuta, yakaingia Kilosa mjini na kukata reli, maelfu ya watu wakaishi kwenye mahema, na makao ya wilaya yenyewe yakawa ndiyo yanayohitaji kuokolewa. Kama huduma za wilaya nzima ziko mji mmoja uliokaa kando ya mto huo, siku mto ukija ni kata 40 zinazokosa boma.

Tulifika Kilosa jua limeshapanda. Ulaya mvua haikuwa imenyesha. Mama aliteremka pale stendi akanyoosha khanga, akauliza saa, akaondoka haraka bila kula.

Nilimkuta tena saa tisa alasiri, amekaa kwenye kivuli cha mwembe akisubiri gari la kurudi Mikumi. Bahasha ilikuwa imeongezeka karatasi moja. Upande wa pili haukufika, akaniambia, kwa hiyo wamepangiwa tarehe nyingine, mwezi ujao. Alikuwa amekwisha kuitenga nauli, noti zimekunjwa mafungu matatu ndani ya pindo la khanga, kila fungu na gari lake. Akanionyesha la kwanza, la kufika Mikumi.

“Leo nalala tena kwa shemeji,” alisema. “Kesho asubuhi napita Iringa.”